Umiliki wa wafanyakazi nchini Tanzania

Umiliki wa wafanyakazi ni hali ambapo watu wanaofanya kazi katika kampuni au kiwanda ndio wenye hisa zake, zote au sehemu kubwa, na hivyo wana haki ya kugawana faida na kushiriki katika maamuzi. Kuna njia kuu tatu: ushirika ambamo kila mwanachama ana kura moja, mfuko wa dhamana unaoshika hisa kwa niaba ya wafanyakazi wote, na mpango ambao kila mfanyakazi hupewa au huuziwa hisa zake binafsi. Mifano inayojulikana zaidi ni Mondragón nchini Hispania, ulioanza mwaka 1956, na John Lewis Partnership nchini Uingereza, ambayo mfuko wake ulianzishwa mwaka 1929.

Historia

Nchini Tanzania wazo hilo linahusiana na Azimio la Arusha, lililotangazwa na TANU tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilitaka njia kuu za uchumi zimilikiwe na wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao na vyama vya ushirika. Siku zilizofuata mabenki na viwanda kadhaa vilitaifishwa. Hata hivyo, hisa zilishikwa na serikali na mashirika ya umma, si na wafanyakazi wenyewe.

Mwaka 1970 waraka wa Rais uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Kazi ya mabaraza hayo ilikuwa hasa kushauri. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau, na wafanyakazi wengi waliutumia kudai heshima kazini, migomo ikaongezeka. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimwondoa mwenye kiwanda wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Majaribio mengine ya aina hiyo hayakukubaliwa na serikali.

Mfano wa Arusha

Tofauti kati ya mali ya umma na mali ya wafanyakazi inaonekana katika kiwanda cha matairi cha General Tyre jijini Arusha. Serikali ilikuwa na asilimia 74 ya hisa na kampuni ya Continental ya Ujerumani asilimia 26. Wafanyakazi hawakuwa na hisa. Uzalishaji uliposimama mwaka 2009, walipoteza ajira bila kuwa na kura ya mwanahisa juu ya hatima ya kiwanda.

Faida

Kwa mfanyakazi, hisa huongeza gawio juu ya mshahara na kuwa akiba ya uzeeni. Mwenye hisa pia ana haki ya kuona hesabu za mwaka na kuwapigia kura wakurugenzi.

Kwa jamii, wamiliki wanaoishi karibu na kiwanda hutumia gawio katika maduka, masoko na ada za shule za hapohapo. Ni vigumu pia kwao kupiga kura ya kuhamisha kazi inayowalisha wao na majirani zao, iwe mjini Arusha au katika kata za pembezoni kama Kisongo.

Mipaka

Mfanyakazi aliyeweka akiba yake yote katika kampuni moja hupoteza kazi na akiba kwa pamoja ikifilisika. Hilo liliwapata wafanyakazi wengi wa Enron nchini Marekani mwaka 2001. Tatizo lingine ni mtaji, kwa kuwa wafanyakazi wa kipato cha chini hawana fedha za kununua kiwanda. Zaidi ya hayo, hisa zisizo na kura huleta gawio tu, bila sauti.

Hali ya sasa

Leo wafanyakazi wa Tanzania hushirikiana kiuchumi hasa kupitia SACCOS za mahali pa kazi, ambazo hukusanya akiba na kutoa mikopo lakini hazimiliki kampuni inayowaajiri. Mafundi na wazalishaji wanaotaka kumiliki shughuli yao kwa pamoja wanaweza kusajili chama chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.