Tanzi la Waya, Msitu wa Imenti

Tanzi hili ni waya wa kawaida wa kufungia ua. Mwindaji haramu hulitega kwenye mapito, kimo cha shingo ya paa. Mnyama akivuta, kitanzi kinabana. Limeonyeshwa hapa kwa sababu paa, funo na pongo ndio chakula cha chui wa msitu huu unaopakana na mtaa wa Makutano, mjini Meru.

Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilipokagua misitu ya Mlima Kenya na Imenti kwa ndege, sehemu ya Imenti ya Chini ilikutwa imeharibiwa vibaya. Mawindo yakapoteza na makao.

Mawindo hayo yakipungua, chui hafi njaa upesi. Hugeukia perere, nyani hata panya, kisha mbuzi, na mbwa wa boma, ambaye ni rahisi kumkamata kuliko pongo. Tai mwenye shungi hana chaguo pana hivyo. Tegemeo lake kubwa ni kima, mbega, perere na paa.

Fisi naye huguswa. Humeza mifupa, ndiyo maana kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Watafiti hukivunja na kusoma manyoya yaliyomo: ya pongo, au ya kondoo. Mizoga ikiadimika msituni, fisi huingia majalalani na mazizini usiku.

Ukikuta tanzi msituni, mwarifu askari wa KWS.