Godot Alipoanzia Miami

Zamani tamthilia za Broadway, New York, zilijaribiwa kwanza katika miji ya mbali, na minong'ono ya watazamaji hao wa mwanzo ikachukuliwa kama hukumu. Nadhani mara nyingi ilihukumu tangazo kuliko mchezo. Januari 1956, Waiting for Godot ya Samuel Beckett ilianzia Miami ikinadiwa kama kichekesho. Waliofuata kicheko wakakuta wazururaji wawili wakimngoja mtu asiyefika. Wengi wakaondoka wakati wa mapumziko. Aprili, ilipofika New York, mtayarishaji Michael Myerberg alibadili tangazo: sasa aliwataka wasomi 70,000. Safari hii ilipata watetezi wa kweli, japo wapinzani hawakukosekana.

Mtu atasema kilichobadilika ni uongozaji, maana Herbert Berghof alishika nafasi ya Alan Schneider. Ni kweli, lakini maandishi yalikuwa yaleyale, na Bert Lahr, mchekeshaji mkongwe, alibaki jukwaani. Wala usomi haukuwa sharti (Myerberg naye alitia chumvi): mwaka 1957 wafungwa wapatao 1,400 wa San Quentin, California, waliutazama mchezo huohuo kwa makini. Hakuna aliyekuwa amewaahidi vicheko.