Tikiti Mlangoni: Nyumba za Kupanga za Glasgow

Mji wa Glasgow, nchini Uskoti, uliwahi kutundika hesabu ya pumzi kwenye milango ya mafukara wake. Sheria ya polisi ya mwaka 1862 iliwapa wakubwa wa mji uwezo wa kupima kila nyumba isiyozidi vyumba vitatu, ambayo ujazo wake haukuvuka futi 2,000. Ikishapimwa, mlangoni hupigiliwa bati dogo lenye kutaja ujazo huo na idadi ya watu wazima walioruhusiwa kulala humo. Kila mtu mzima alikatiwa futi za ujazo 300. Mtoto asiyetimiza miaka minane alihesabiwa nusu mtu. Chumba cha futi 900, basi, kiliwatosha baba, mama na watoto wawili wadogo. Bibi akija kutoka shamba, sheria imevunjwa. Nyumba hizo zikaitwa nyumba za tikiti.

Msongamano huo ulikuwa na sababu zake. Viwanda vya nguo, chuma na meli viliwavuta watu kutoka milima ya kaskazini na kutoka Ireland, na majumba ya mawe yakagawanywa vipande vipande. Ujira wa kibarua haukutosha kodi, hivyo mpangaji naye akamkaribisha mpangaji mwenziwe ubavuni mwa kitanda chake. Madaktari waliogopa homa ya taifasi, wakidhani huletwa na hewa nzito. Kwamba mwenezaji ni chawa, hilo lilibainika mwaka 1909.

Wakaguzi walikuja usiku wa manane, taa mkononi. Waligonga, wakaingia, wakahesabu vichwa. Waliozidi walijificha makabatini, mvunguni, hata juu ya mapaa, na baridi ya kule si ya mchezo. Faini kwa kawaida ilimwangukia aliyemo ndani. Ajabu ya bati lile ni kwamba lilitaja futi na watu, lisitaje jina la mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyepokea kodi.

Kufikia miaka ya 1880, nyumba za tikiti zilipita 23,000. Daktari James Burn Russell, mkuu wa afya wa mji, alitoa mhadhara mwaka 1888 juu ya maisha ya chumba kimoja, akaonyesha kwamba robo ya watu wa Glasgow waliishi hivyo. Mwaka 1890 kipimo kilipandishwa hadi futi 400 kwa mtu mzima. Hewa iliongezeka katika karatasi. Kuta hazikusogea hata inchi moja, na waliopunguzwa sheria haikuwaonyesha pa kwenda.

Mwaka 1915, vita vikiwa vimeujaza mji wafanyakazi wa silaha na meli, wenye nyumba walipandisha kodi. Mary Barbour na wanawake wenziwe wa Govan waligoma kulipa. Tarehe 17 Novemba maelfu waliandamana hadi mahakamani, na kabla ya mwaka kwisha Bunge la Uingereza likazifunga kodi katika kiwango cha Agosti 1914. Safari hii sheria ilimtazama mpokeaji.

Daftari la wenye nyumba lilichelewa mno. Sheria ya 2004, iliyoanza kutekelezwa Aprili 2006, inamtaka karibu kila mtu binafsi apangishaye nyumba Uskoti ajiandikishe kwa halmashauri, nayo hupima kama ni mtu anayefaa. Daftari hilo liko wazi: mpangaji akitafuta kwa anwani ya nyumba anayolala, huliona jina la aliyempangisha.