Kutoka Yowe hadi Simu: Upashanaji Habari na Kanisa Katika Nchi ya Singida

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi njia za kupashana habari zilivyobadilika katika mkoa wa Singida, na somo ambalo mchungaji hana budi kulipata humo. Mara nyingi historia hii husimuliwa kama orodha ya vyombo: mbiu, gazeti, redio, kisha simu. Masimulizi hayo huacha swali lililo kubwa, yaani, ni nani aliyeketi karibu na msikiaji ili amjibu alipouliza.

Waswahili husema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika vijiji vya Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu yowe lilitangaza hatari, na mjumbe alipeleka habari za msiba au shauri la wazee. Lakini yowe lenyewe halikueleza jambo. Watu walikusanyika kwanza, ndipo wakaelezwa, wakauliza na kushauriana. Mjumbe naye alijulikana ni mtoto wa nani. Aliyesema uongo hakuwa na pa kujificha.

Ndipo yakaja maandishi. Misheni ya Leipzig ilianza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 Waaugustana kutoka Marekani wakaipokea. Wakati huo magazeti ya Kiswahili yalikwisha kuwapo: Msimulizi la Zanzibar lilianza mwaka 1888, na Mambo Leo la serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Hata hivyo waliojua kusoma walikuwa wachache. Kwa hiyo karatasi moja ilikuwa na wasikiaji wengi, na mwalimu wa kanisa, aliyeisoma kwa sauti, aliulizwa maana yake. Ndivyo ilivyokuwa pia Ujerumani siku za Martin Luther, ambako vijitabu vilivyopigwa chapa viliwafikia wengi kwa masikio kuliko kwa macho.

Redio ilipofika, wengi walidhani kwamba msomaji huyo hatahitajika tena. Mwezi Februari 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua kituo cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vikatayarishwa katika studio ya Moshi. Kituo hicho kilitaifishwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwezi Machi 1977. Mnara ule ukatoka mikononi mwa Kanisa kwa siku moja, lakini sharika zilizokuwa zikiusikiliza hazikutoweka, kwa sababu ziliishi kwa watu.

Taifa nalo lilijifunza jambo hilo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, Radio Tanzania haikuachwa izungumze peke yake. Watu wazima wapatao milioni mbili nchini walijiunga katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kijitabu chake. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Chombo kilikuwa kipya, lakini utaratibu ulikuwa ule ule wa baraza la wazee.

Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na baadaye simu za mkononi zikaenea hata vijijini. Leo Mkristo wa Manyoni au Mkalama aweza kupokea mahubiri kumi kwa siku kutoka kwa watu asiowajua, pamoja na ahadi za uponyaji na maombi ya sadaka. Anayasikiliza peke yake, usiku, wala hakuna aliye karibu wa kumwuliza. Hapa ndipo penye hatari. Si wingi wa sauti tu unaotutisha, bali kwamba msemaji hajulikani mlangoni kwake, na msikiaji hana baraza.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, yule towashi wa Ethiopia alikuwa na chuo mkononi, wala hakukosa uwezo wa kukisoma. Alikosa mtu wa kupanda garini pamoja naye. Kwa hiyo mchungaji asiikemee simu, wala asidhani kwamba kurusha ibada yake hewani kumemaliza kazi. Na awaulize washarika wake, katika jumuiya za nyumba kwa nyumba, wamesikia nini juma hili. Kisha aketi nao, wapime pamoja kwa Neno la Mungu yale waliyoyasikia.