Kuingia Bila Hodi: Panorama, Wayang, Ngano na Miwani ya Uhalisia Pepe

Wanaosimulia historia ya uhalisia pepe huanza na kompyuta. Mimi ningeanza na Leicester Square, London, mwaka 1793, ambako mchoraji Robert Barker alifungua jumba la mviringo la kuonyeshea panorama, aina ya picha aliyoipatia hataza mwaka 1787. Mtazamaji alipita kwenye ujia wenye giza, akapanda ngazi, akatokea kwenye jukwaa lililozungukwa na mchoro pande zote. Paa lilimficha ukingo wa juu, jukwaa likamficha ukingo wa chini, na mwanga ulishuka kutoka mahali asipopaona. Jengo zima lilikusudiwa kumnyima ushahidi kwamba anatazama picha.

Miwani ya leo imerithi shauku hiyo. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichoning'inizwa darini, kikionyesha maumbo ya mistari mitupu. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua Oculus, kampuni ya miwani hiyo, kwa takribani dola bilioni 2. Tangu hapo kila toleo jipya huuzwa kwa ahadi ileile ya Barker: ukingo hutauona.

Wajava walishika njia nyingine. Katika wayang kulit, mchezo wao wa vivuli, dalang hukaa usiku kucha nyuma ya kitambaa chenye taa, akichezesha vikaragosi vya ngozi na kuvitolea sauti zote mwenyewe, huku wapigaji wa ala za gamelan wakiwa nyuma yake. Ukipenda utakaa upande wa vivuli. Ukipenda utazunguka umwone fundi, mikono yake na rangi za vikaragosi. Mchezo hauharibiki kwa kuonekana unavyotengenezwa.

Ngano zetu zinakwenda mbali zaidi. Mtambaji akisema "Paukwa" husubiri aitikiwe "Pakawa", na ukumbi ukinyamaza hana pa kwenda. Wimbo wa katikati huimbwa na wote. Mtoto huuliza, na bibi akiona swali lina uzito huigeuza njia ya hadithi. Ndiyo maana sishtushwi sana na hofu kwamba watu watachanganya pepe na halisi: watoto waliolelewa na mazimwi na sungura wajanja waliweza kuvuka mpaka huo kila usiku na kurudi salama. Kinachonisumbua ni kuitikiana. Ndani ya miwani, nani anamjibu nani?

Chukua Clouds Over Sidra, filamu ya nyuzi 360 ya Gabo Arora na Chris Milk, iliyotolewa mwaka 2015 kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa. Inamfuata msichana wa Syria mwenye umri wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Mwaka huohuo Milk aliuita uhalisia pepe mashine ya huruma. Nia yake naiheshimu. Lakini mtazamaji huketi chumbani kwa Sidra bila kupiga hodi, humgeukia na kumtazama apendavyo, kisha huvua miwani na kuondoka. Sidra hawezi kumwona wala kumuuliza amefuata nini. Huruma ya namna hiyo haimdai mtu chochote.

Si kila kufungiwa ndani ya picha ni kubaya. Katika SnowWorld, mchezo wa uhalisia pepe uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington, mgonjwa aliyeungua hurusha mipira ya theluji kwenye bonde la barafu huku wauguzi wakisafisha vidonda vyake, na maumivu anayoyahisi hupungua. Hapo ningetaka ukingo ufichwe kabisa.

Kwa simulizi za watu wengine, hata hivyo, navutiwa na walichofanya wasanii wa Nest Collective wa Nairobi mwaka 2017 katika filamu yao ya uhalisia pepe, Let This Be a Warning. Waafrika wameihama Dunia na kujenga makao kwenye sayari ya mbali; mtazamaji anafika bila kualikwa, na wenyeji hawafurahii ujio wake. Anayetazama sasa anatazamwa. Bado hana sauti ya kujieleza, ingawa michezo ya kompyuta imekwishaonyesha kwamba kumpa sauti hiyo kunawezekana. Ningependa kuona kazi inayofuata ikianzia hapo: filamu isiyosonga mpaka mvaaji wa miwani aitikie, na ambamo mwenye nyumba anaweza kumnyima karibu.