Gumba na shahada: jinsi gitaa la Kongo lilivyojifunza kushuka mbio

KIMANGA, UVIRA – Kijana anayejifunza kupiga solo, awe wa kwaya au wa orkestra, hujua haraka mahali mkono unapokwama. Kupanda ngazi ya noti si kazi kubwa. Taabu iko kwenye kushuka: sebene imekolea, watu wamesimama, na solo inatakiwa kumwagika toka uzi mwembamba hadi uzi mnene bila kukatika. Hapo ndipo mediatori, kile kipande cha plastiki kinachoshikwa kati ya vidole, inapogonga uzi usiohusika. Mchezaji mwenye sikio anakosa hatua papo hapo.

Kosa mara nyingi haliko kwenye kasi. Mediatori ina ncha moja, na mazoea ni kupiga chini, juu, chini, juu. Tuseme kila uzi una noti tatu. Kwenye uzi mwembamba mkono unapiga chini, juu, chini, na ncha inabaki upande wa sakafu, wakati uzi unaofuata uko upande wa pili. Ili kuupiga kwa kwenda juu, lazima kwanza iruke uzi ule ule uliotoka kuupiga. Kuruka mara moja si neno; kuruka kila baada ya noti tatu, kwa mwendo wa sebene, ni vita. Wapigaji wengi duniani hugeuza mwanzo: juu, chini, juu. Pigo la tatu linaipeleka mediatori penyewe kwenye uzi mnene unaofuata, na mkono unaendelea kwa pigo lingine la juu, kama mtu anayeteremka ngazi bila kurudi nyuma.

Lakini Kongo ilikuwa na jibu lake kabla ya mediatori kuzoeleka, na jibu hilo lilitoka kwa watu wanaoimba Kiswahili.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, mji wa mfalme Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na kumrekodi. Wimbo wa « Masanga » ukatoka hapo ukaenda mbali kuliko mwenyewe alivyotegemea. Gitaa lake lilikuwa kavu, bila umeme, na mkono wa kuume ulitumia vidole viwili tu: gumba na shahada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alikaa na santuri hizo akaandika noti moja moja.

Siri ya kushuka kwake inaonekana ukitazama mkono wenyewe. Gumba linakaa karibu na nyuzi nene na kupiga chini. Shahada iko kwenye nyuzi nyembamba na kupiga juu. Wimbo unaposhuka, shahada inamaliza kazi kwenye uzi mwembamba wakati gumba tayari linasubiri kwenye uzi unaofuata. Hakuna kuruka. Kinachowaangusha wenye mediatori, kwa vidole viwili ndiyo njia ya kawaida ya mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walifika hadi Nairobi, na mtindo huo wa Katanga ukapigwa Afrika Mashariki yote.

Umeme uliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga jazz, alifika Léopoldville kufanya kazi na studio ya CEFA, naye ndiye anayetajwa kuleta magitaa ya umeme mjini humo. Vidole havikuachwa kwa sababu hiyo. Franco Luambo, aliyeanza OK Jazz mwaka 1956 na wenzake, aliendelea na gumba na shahada kwenye gitaa la umeme, akishuka kwa noti mbili kwa pamoja zilizopishana uzi mmoja katikati. Jaribu hilo kwa mediatori: uzi wa katikati nao utalia, usipouzima kwa mkono wa kushoto. Docteur Nico Kasanda wa African Jazz, aliyekuwa Brussels na Grand Kallé mwaka 1960 wakati « Indépendance Cha Cha » inatungwa, alifuata njia nyingine, noti moja moja, zimenyooka na kung'aa. Mabishano ya nani mkubwa kati ya hao wawili hayajaisha, na si lazima yaishe. Baadaye akaja Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, aliyesikika na Kanda Bongo Man kwenye « Iyole » mwaka 1981. Kasi yake ilimpa jina la « Machine Gun », jina ambalo kwa watu wa Kivu halichekeshi sana.

Kwa familia zilizohama, habari hii ina uzito wake. Anayekimbia usiku habebi amplifaya. Toka mwaka 1996 watu wa Kivu Kusini wamevuka ziwa kwenda Nyarugusu, upande wa Kigoma, na wengine wengi wamepita mpakani kuingia Burundi, na kwaya zikaanza tena huko na gitaa moja, mara nyingine lenye nyuzi nne. Kwenye gitaa la namna hiyo mediatori ikipotea somo haliishi. Mwanafunzi anaanza na nyuzi mbili nyembamba tu: shahada juu, gumba chini, polepole, mpaka noti zote mbili zitoe sauti sawa. Gumba ndilo lenye nguvu na hupenda kufunika shahada, kwa hiyo ndilo linalofundishwa kunyamaza kwanza. Kisha unaongezwa uzi wa tatu.