Uwakili wa Ardhi katika Hifadhi za Prairi

Katika maandishi ya Kiingereza yanayohusu prairi, yaani nchi tambarare za nyasi zilizoko katikati ya Amerika ya Kaskazini, istilahi "stewardship" hujitokeza kila inapotajwa kazi ya kuitunza ardhi kwa niaba ya watu wengine, na mara nyingi huambatana na maelezo ya shughuli zinazowaleta wananchi ndani ya hifadhi kujifunza au kufanya kazi. Anayetaka kuieleza dhana hiyo kwa Kiswahili hukuta maneno yasiyopungua matano yakigombea nafasi: uhifadhi, usimamizi, utunzaji, udhamini na uwakili. Makala haya yanachagua uwakili, kwa sababu ndilo neno pekee kati ya hayo linalobeba kwa pamoja mambo mawili ambayo hifadhi ya prairi haiwezi kuyatenganisha, yaani mamlaka ya kutenda juu ya ardhi na wajibu wa kumtolea hesabu mwenye ardhi hiyo.

Jina prairi lenyewe linahitaji maelezo mafupi. Wamarekani walilipokea kutoka kwa Wafaransa waliotangulia kusafiri na kufanya biashara katika nchi hizo, ambao katika lugha yao lilimaanisha uwanda wa majani ya malisho. Kulifasiri kwa mbuga kungefaa kama neno hilo lingebaki katika maana yake ya zamani ya uwanda wenye nyasi, lakini msomaji wa leo, hasa wa Tanzania, akisikia mbuga huwaza kwanza hifadhi ya wanyama. Nyika nayo huleta picha ya ukavu na vichaka, na savana ni nchi ya joto yenye miti iliyotawanyika, ilhali prairi hupita katika majira ya baridi ambayo udongo huganda kwa barafu. Ni afadhali basi kulikopa neno kama lilivyokopwa savana, bila kusahau kwamba nchi hizi zina undugu wa kweli: nyasi mashuhuri kuliko zote za prairi ya nyasi ndefu, Andropogon gerardii, ziko katika kabila moja la mimea na Themeda triandra, nyasi zinazotawala sehemu kubwa za Serengeti, na zote mbili huungua na kuchipua upya kutoka chini.

Prairi ilikwisha kwa haraka. John Deere alipotengeneza plau ya chuma cha pua huko Illinois mwaka 1837, udongo mzito uliokuwa ukigandamana kwenye plau za zamani ulianza kupinduliwa kwa urahisi, na katika kipindi cha miongo michache ardhi iliyoshikiliwa na mizizi kwa maelfu ya miaka ikageuzwa kuwa mashamba ya mahindi na ngano. Illinois, ambayo hadi leo hujiita jimbo la prairi, ilikuwa na zaidi ya ekari milioni 20 za nyasi hizo, na sehemu iliyosalia ikiwa na uzima wake wa asili haifiki moja kwa elfu. Mabaki yake hupatikana pembeni mwa reli na katika makaburi ya kale ya walowezi, mahali ambapo plau haikupata sababu ya kuingia.

Mtu akiyatazama mabaki hayo angedhani kwamba neno linalofaa ni uhifadhi. Kitenzi kuhifadhi humaanisha kukiweka kitu mahali salama kisiharibike, na ni neno zuri kwa nyaraka, kwa chakula, na hata kwa msitu mnene unaoweza kujiendesha wenyewe ukiachwa bila kuguswa. Prairi ikizungushiwa ua na kuachwa hufa. Ndani ya miaka michache majani makavu hujirundika na kuzuia jua lisifike ardhini, vichaka huingia, miti hufuata, na nyasi hutoweka pamoja na maua na wadudu wake. Ni kweli kwamba katika Afrika Mashariki neno hifadhi limekwisha kupanuliwa na watu wenyewe: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kujulikana kwa kifupi kama HASHI, ulifanikiwa kwa kufufua ngitili za Wasukuma, ambazo ni maeneo yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yakue na kufunguliwa kiangazi ili mifugo ile. Lakini nguvu ya ngitili iko katika kujua siku ya kufunga na siku ya kufungua, na ujuzi wa namna hiyo hauonekani katika neno uhifadhi.

Mfano ulio wazi zaidi wa upungufu huo wa neno uhifadhi ni prairi ya Curtis, iliyomo katika bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Bustani hiyo ilizinduliwa mwaka 1934, na Aldo Leopold, mtaalamu wa wanyamapori aliyekuwa akifundisha chuoni hapo, alikuwa miongoni mwa waliotaka sehemu yake irudishwe katika hali iliyokuwa nayo kabla ya walowezi. Kuanzia mwaka 1935, vijana wa kikosi cha kazi za uhifadhi, ambacho serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikiunda kuwapa ajira wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, walipelekwa kwenye shamba lililokuwa limechakaa, wakapanda mbegu na kuhamishia hapo mabonge ya udongo yenye mizizi ya prairi kutoka kwingineko, wakiongozwa na mtaalamu wa mizizi Theodore Sperry. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa urejeshaji wa ikolojia, yaani taaluma ya kuunda upya jamii ya mimea na viumbe iliyokwisha kuharibiwa.

Kupanda hakukutosha. Nyasi za kigeni zinazoitwa Poa pratensis, zilizoletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya malisho, ziliendelea kuzisonga zile za asili, na haikujulikana njia ya kuzidhibiti hadi miaka ya 1940, ambapo John Curtis, ambaye prairi hiyo imepewa jina lake, na wenzake walijaribu moto. Sababu ya kufaulu kwao ni ya kuvutia. Poa huanza kuchipua mapema, hali ya hewa ikiwa bado baridi, wakati nyasi za prairi zingali zimelala na machipukizi yake yako chini ya udongo. Moto unaopita mwanzoni mwa majira ya kuchipua huikuta Poa imekwisha kutoa majani na kuiumiza, huku ukizipita juu zile nyasi za asili, ambazo mizizi ya baadhi yake hushuka chini mita mbili na zaidi. Majivu meusi hunyonya joto la jua, udongo hupata joto mapema, na nyasi za asili huamka katika ardhi iliyosafishwa.

Istilahi ya kazi hii ni uchomaji uliopangwa, na mpango wake ni mkali kuliko jina linavyodokeza. Wachomaji hupima kasi na upande wa upepo pamoja na unyevu wa hewa, hufyeka njia ya kuzuia moto kulizunguka eneo, kisha huanza kuwasha upande ule upepo unakoelekea, ili moto utambae polepole kinyume cha upepo na kuacha ukanda mweusi usio na cha kuungua. Kiwashio chao ni kopo la chuma lenye mchanganyiko wa dizeli na petroli, lenye mdomo mrefu na utambi, ambalo likiinamishwa hudondosha matone yanayowaka huku mchomaji akitembea. Ukanda mweusi unapokuwa na upana wa kutosha, upande wa pili huwashwa, ndimi za moto hukimbia na upepo zikipita urefu wa mtu, na zinapoukuta ukanda ule huzimika zenyewe. Eneo zima halichomwi mwaka mmoja. Hugawanywa vipande, kwa kuwa vipepeo na wadudu wengine hupitisha baridi wakiwa mayai au mabuu ndani ya mabua na majani makavu, na moto usiobakiza kipande ungewamaliza.

Kazi hiyo ingeweza kuitwa utunzaji, neno la kupendeza lenye huruma ndani yake, na kwa kutaja matendo yenyewe linafaa kabisa. Usimamizi nao unafaa kwa mambo ya ratiba, fedha na watumishi. Yanachokosa maneno hayo mawili ni mtu wa pili: mtu anaweza kutunza na kusimamia kilicho chake, ilhali wakili hawezi kuwapo bila aliyempa uwakili. Wakristo wa Afrika Mashariki wanalifahamu vyema neno hili, kwa kuwa ndilo linalotumika makanisani kueleza namna muumini anavyopaswa kutumia mali na muda aliopewa na Mungu. Kwa Waislamu neno amana lina uzito wa aina hiyohiyo, lakini amana hudai kitu kirudishwe kama kilivyopokewa, na aliyewekewa hana ruhusa ya kukigeuza, ilhali wakili amepewa ruhusa ya kutenda: akate, apande, achome, mradi iwe kwa faida ya mwenye mali. Udhamini ni neno la sheria zaidi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaeleza kwamba ardhi yote ni ya umma na imewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na hapo neno limekaa mahali pake, kwa maana linazungumzia hatimiliki kuliko jembe na kiberiti.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba wakili, kwa wengi, ni yule anayevaa joho na kusimama mahakamani. Pingamizi hilo si dogo, lakini mwanasheria huyo ameitwa wakili kwa sababu anamwakilisha mwingine, na maana mama haijafutika. Ikitajwa "uwakili wa ardhi" katika sentensi inayozungumzia nyasi na moto, hakuna atakayedhani kwamba ardhi imefunguliwa kesi.

Neno hili lina faida nyingine, ambayo ni kumlazimisha anayelitumia aseme ni nani mwenye ardhi. Madison ilikuwa nchi ya Wahochunk, ambao waliisalimisha kwa mkataba wa mwaka 1832 baada ya vita na kwa shinikizo, na nchi ya Wapotawatomi iliyo magharibi mwa ziwa Michigan iliondoka mikononi mwao kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1833. Watu wa asili walikuwa wakiichoma prairi kwa makusudi karne nyingi kabla ya Curtis kuwasha moto wa majaribio, na hivyo wao ni mawakili wa kwanza walionyang'anywa uwakili. Leopold, aliyefariki mwezi Aprili 1948 akisaidia kuzima moto wa majani katika shamba la jirani, aliacha mswada uliochapishwa mwaka uliofuata kwa jina la A Sand County Almanac, ambamo anaitazama ardhi kama jumuiya ya udongo, maji, mimea na wanyama, na mwanadamu kama mwanajumuiya wa kawaida. Kwa mtazamo huo, wenye mali ni wengi kuliko walipakodi wa leo.

Hapa ndipo shughuli za umma zinapoingia. Istilahi "programu za umma" inaeleweka, ingawa programu siku hizi imeelemea upande wa kompyuta, na kwa sababu hiyo "shughuli za umma" ni nyepesi zaidi masikioni. Midewin, hifadhi ya prairi iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996 kusini-magharibi mwa Chicago katika eneo lililokuwa kiwanda cha risasi na mabomu cha jeshi, na ambayo jina lake ni la Kipotawatomi, hutegemea sana watu wa kujitolea. Nyati wa Marekani walirudishwa hapo mwaka 2015, lakini kabla na baada yao kumekuwa na kazi isiyovuta kamera, nayo ni kukusanya mbegu. Majira ya mapukutiko, watu hupita wakipukusa kwa vidole masuke ya Andropogon gerardii, yenye matawi matatu kama mguu wa bata mzinga, na kuzitia mbegu katika mifuko ya karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na kuziozesha. Mbegu nyingi za prairi hazioti zisipopitishwa kwanza katika baridi yenye unyevu, hivyo huchanganywa na mchanga mbichi na kuwekwa kwenye jokofu, au hupandwa kabla ya theluji ili majira yenyewe yafanye kazi hiyo. Mtu aliyeishika mbegu kwa mkono wake na kuelezwa kwa nini lazima ipigwe na baridi amekwisha kutolewa hesabu ya uwakili, na ameielewa.

Hesabu hiyo isipotolewa vizuri, matokeo yake ni mazito. Kuanzia mwaka 1977, kikundi cha watu wa kujitolea kilichoongozwa na Steve Packard kilianza kurejesha vipande vya prairi kandokando ya mto Chicago, kwenye ardhi ya umma ya kaunti ya Cook. Juhudi zikaenea, na waliopewa dhamana ya kipande kimoja kimoja wakaitwa kwa Kiingereza kwa jina la kazi ambalo hapa lingefasiriwa wakili wa eneo. Mwaka 1996, wakazi waliokuwa wakiona miti ikikatwa, moshi ukipanda na dawa za kuua magugu zikipakwa kwenye visiki, bila kujua sababu, walipeleka malalamiko yao, na bodi ya kaunti ikasimamisha kazi ya urejeshaji. Mawakili wa maeneo walikuwa na hoja nzuri za kisayansi, na vichaka viliendelea kuizonga prairi wakati wote wa zuio, lakini ardhi ilikuwa ya umma, na umma kupitia bodi yake ulikuwa na haki ya kuusimamisha uwakili ulioutoa. Kazi ilirudi baadaye kwa awamu, eneo baada ya eneo.